Mwaka Tuliomtengeneza Bwana Hodi

Idi aliponipigia simu kuniambia kwamba Faraji amefariki, sikusema inna lillahi. Nilisema, "Nani kakwambia?" Ndivyo nilivyo, na nalisema mapema ili asije mtu kunisimanga baadaye: mimi ni mwenye kushuku. Ukiniambia kumekucha, nitafungua dirisha kwanza. Kwa miaka mingi nimekula kwa kupiga chapa hati za watu nje ya mahakama ya Shanzu, viapo, maelezo ya mashahidi, barua za ndugu wanaonyang'anyana kiwanja cha marehemu baba yao, na kazi ile imenifunza kwamba mwenye kusimulia jambo kwa mpango mzuri sana ndiye wa kutazamwa mara mbili. Idi ananijua. Akasema, "Rehema, nimemzika jana kwa mikono yangu hii. Udongo bado uko kwenye kucha." Nikaketi hapo hapo kibarazani mwa duka la watu, nikasema yale yanayosemwa, na mteja aliyekuwa akingoja hati yake akaniletea maji bila kuombwa.

Nilitaka kulia, machozi yakanigomea. Kulikuwa na neno la kumwambia Faraji, neno fupi, halijazi hata mstari, na nilikaa nalo miaka kumi na mitano. Kutoka kwangu Utange hadi kwao Likoni si safari ya kuaga majirani. Unaingia mjini, unavuka kivuko, umefika. Watu huvuka pale na magodoro, na mbuzi, na keki za harusi vichwani. Mimi mwenyewe nimevuka mara ngapi kwa mambo mengine, kuhani misiba ya wengine, kutazama wagonjwa, hata kununua mapazia, na kila nikishuka upande ule nilitembea nikitazama chini nisije nikakutana naye uso kwa uso. Sasa sitakutana naye, na ajabu ni kwamba ndipo miguu ilipotaka kwenda.

Mwaka ule tulikuwa watatu na chumba kimoja. Chumba kilikuwa uani kwa Bi Mwanakombo, shangazi yake Idi, pale Utange, kabla nyumba za mawe hazijasongamana. Ilikuwa stoo yake ya unga. Bi Mwanakombo alikuwa mpishi wa mahamri, na mahamri yake yalikuwa yakiondoka alfajiri kwa beseni kwenda kwa wafanyakazi wa hoteli za Shanzu. Basi upande mmoja wa chumba kulikuwa na magunia hadi darini, upande wa pili tulikuwa na kompyuta mbili juu ya mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali ukawa meza, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Unga ulitua kila mahali. Kila asubuhi Idi alikuwa akizipuliza herufi za kompyuta kabla ya kuanza, na sisi sote tulinukia iliki kutwa nzima. Hata sasa nikipita penye mtu anasaga iliki, mikono yangu hutafuta herufi.

Kazi yetu ilikuwa kuujenga upya mchezo wa kompyuta. Wenye umri wangu waliokulia Kisauni wataukumbuka nisipoutaja jina. Ulikuwa ni ule wa askari anayeingia ngome ya adui peke yake, anatambaa, anajibanza nyuma ya mapipa, anangoja mlinzi apite. Hukushinda kwa kupigana, ulishinda kwa kutoonekana. Adui mkuu wake alikuwa Jemadari, mtu wa kovu shavuni na buti hadi magotini, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kucheka kwenye vipaza sauti. Wenye haki ya mchezo, kampuni moja ya ng'ambo, walikuwa wameruhusu vikundi vichache vya vijana huku na kule waubuni upya kwa mandhari ya kwao, na kikundi kitakachowapendeza kingepewa mkataba. Sharti lilikuwa moja: kisionekane nje hata kipande kimoja kabla wao hawajakiona. Kikivuja, mmetoka. Idi alitusomea sharti hilo kwa sauti, akatuapisha, na Bi Mwanakombo akawa shahidi na mikono yake imejaa unga. Mkataba ule ulikuwa ndio maisha yetu. Idi alikuwa ameacha kazi kwa ajili yake, na mimi niliapa kwamba nikiupata sitapiga chapa uongo wa mtu tena.

Idi ndiye aliyeandika programu. Mimi niliandika hadithi, maneno ya wahusika na tabia zao. Faraji wa Likoni alichora na kurekodi sauti. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa makubadhi na kofia ya kiua, na salamu zake hazikuwa na mwisho. "Shikamoo, Bi." "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" "Nimeamka salama, Bi, sijui nyinyi. Miguu vipi leo? Na yule paka amerudi?" Akimaliza miguu na paka, huulizia unga, huulizia kuni, na chai yetu huku inapoa. Idi alikuwa akimtania, "Faraji, wewe ukifa utamsalimia malaika mpaka asahau alichotumwa." Sote tulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nikijiuliza: mtu huyu anaficha nini nyuma ya maneno matamu yote haya?

Mchezo wenyewe ulikwenda vizuri kwa kila kitu ila Jemadari. Ngome tuliigeuza mtaa wa nyumba za zamani, vichochoro, baraza, mapazia, nyua zenye visima. Askari tukamfanya msichana anayetakiwa kupita nyumba saba, achukue barua, atoke bila kuonekana. Lakini kila tulipomtia Jemadari mle, ilikuwa kichekesho. Idi alimvika kanzu, akawa Jemadari aliyevaa kanzu. Tukampa bakora, akawa mzee wa harusi aliyekosa biriani. Siku moja Bi Mwanakombo aliingia na sinia la mahamri na mbaazi za nazi, akasimama nyuma yetu akitazama kioo. "Huyu ndiye adui yenu?" "Ndiye, shangazi." "Mbona apiga makelele hivi? Mtu wa makelele nitamsikia yuwaja tangu barabarani, nitafunga mlango wangu. Adui wa kikweli haji hivi. Huja na salamu, akaketi, akala mahamri yangu, akayasifu, huku macho yapita chumba kwa chumba." Na hapo hapo Faraji, kinywa kimejaa, akasema, "Mashallah, Bi, mahamri ya leo yamezidi!" Idi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Bi Mwanakombo alimpiga Faraji kofi la mgongoni, la mapenzi, na Faraji mwenyewe akacheka mabega yakitikisika. Mimi nilibaki na hamri langu mkononi, namtazama.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwandika. Nilikuwa na daftari la hadithi, na nyuma yake nikafungua kurasa za Faraji. Niliandika habari ya makubadhi. Kwetu mtu huvua viatu mlangoni akaingia, vikabaki vimeelekea ndani kama alivyoingia yeye. Faraji aliinama kila siku akavigeuza, ncha zikatazama njiani. Nani hufanya hivyo ila mwenye kupanga kukimbia? Niliandika habari ya simu. Ikilia, hakuipokea mbele yetu hata siku moja. Alisema "samahanini," akatoka hadi kisimani, akazungumza chini chini katupa mgongo. Siku moja nikajifanya nateka maji, na nikasikia kwa masikio yangu: "Usimwache atoke. Funga mlango wa nyuma. Hajui kitu, na wewe usimwambie. Naja sasa hivi." Alipogeuka akaniona na ndoo, alitabasamu akasema, "Nikusaidie, Rehema?" Nikamwambia la, ahsante. Alasiri ile aliondoka mapema, kama alivyokuwa akiondoka siku nyingi, na tulipomuuliza waenda wapi alijibu, "Nyumbani tu." Nikaandika hilo pia, na nikalipigia mstari: nyumbani tu.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bwana Hodi, na najua ni vibaya kusema nilijivunia, lakini nilijivunia. Nilimwambia Idi, tumtupe Jemadari na kicheko chake. Adui wetu atakuwa mtu mpole wa mtaa mwenyewe. Hakimbizi mtu, hapandi ukuta. Hufika mlangoni akabisha hodi mara tatu, kwa adabu, kama desturi inavyotaka, na asipoitikiwa huenda zake. Msichana wetu yumo ndani amejificha, na mchezaji lazima achague. Akiitikia karibu, Bwana Hodi huingia, huketi, huomba chai, husifu chakula, na kila anachokiona hakisahau. Asipoitikia, Bwana Hodi huondoka, lakini ameshaona moshi wa jikoni na anajua kuna mtu, na kwenye nyumba ya pili msichana atakuta mlango umefungwa. Idi aliruka kutoka kitini. "Hii sijaiona popote, wallahi!" Bi Mwanakombo ndiye aliyenikumbatia kwa niaba yake, maana Idi si maharimu wangu. Nilichokosa kusema ni kwamba Bwana Hodi hakutoka kichwani mwangu. Alitoka kurasa za nyuma.

Nilihitaji mwendo wake na sauti yake, basi nikamwomba Faraji mwenyewe. Nilimwambia ni kwa ajili ya mlinzi tu. Tulikuwa ukumbini kwa Bi Mwanakombo, saruji imepigwa maji, yeye na makubadhi yake, mimi na kinasa sauti nimepiga magoti. "Nitembee vipi?" akauliza. "Kama unavyotembea." "Mlinzi wa namna gani, mkali?" "Wa kawaida. Tembea, kisha simama mlangoni ubishe hodi." Akatembea. Akabisha. Hodi ya kwanza ya chini, ya pili ameivuta kidogo, kisha akangoja, kisha ya tatu kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Nilipata kila kitu kwa mara moja. Alinisaidia kuinuka akaniuliza kama magoti yanauma.

Siku Idi alipomwendesha Bwana Hodi kwa mara ya kwanza, tulikuwa sote chumbani. Yule mtu wa kwenye kioo alikuja kwa mwendo wa Faraji, akafika mlangoni, akainama, akayageuza makubadhi yake yakatazama njiani. "Ala! Faraji huyu!" Idi akapiga makofi. Faraji hakucheka. Alinitazama mimi, si kwa ukali, akauliza, "Huyu ndiye adui?" "Ndiye." "Na mwishowe hukamatwa?" "Hakamatwi," nikasema. "Hakuna anayemshuku." Unga ulikuwa ukipita kwenye mwanga wa dirisha na feni ikilia. Kisha akavuta kiti, akakamata kipanya, akasema, "Umekosea mahali. Kiatu cha kushoto ndicho kinachovuliwa kwanza." Na akakaa saa nzima akirekebisha mguu wa adui aliyefanywa kwa mfano wake. Nilimwona anafanya hivyo, na unajua nilichofikiri? Nilifikiri: tazama alivyo mjanja.

Sasa nieleze habari ya duka la muvi, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Bi Mwanakombo alikuwa mgonjwa wa tamthilia za Kifilipino. Mapishi yakiisha saa nne za asubuhi, yeye na miguu yake juu ya kigoda, alitaka kujua kama yule binti wa tajiri ameolewa. Tamthilia hazikununuliwa dukani. Ulikuwa ukipeleka flashi yako kwa Kevo, kijana wa bara aliyekuwa na kibanda chake kwenye kituo cha matatu, unamwachia, unarudi baadaye imejazwa. Na kila mtu wa Kisauni alijua tabia ya maduka yale: flashi ikiingia, mashine hutoa na mashine huchukua. Kwa Kevo ungeweza kukuta harusi ya jirani yako, mawaidha ya sheikh wa mtaa wa tatu, na picha za mahafali ya mtu usiyemjua, vyote vimetoka kwenye flashi za wateja. Tulijua, tukacheka. Hatukufikiri siku moja ingekuwa zamu yetu.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimesimama kando ya karai la viazi pale kituoni nangoja vikauke mafuta, nikasikia nyuma yangu, "Hodi. Hodi." Kimya. "Hodi." Niligeuka nikitarajia kumwona Faraji. Nikaona vijana wawili wameinamia simu, na kwenye simu yumo Bwana Hodi, anavua kiatu cha kushoto. Nilimwuliza mwenye simu ametoa wapi. Akasema ametumiwa hiyo video, kila mtu anayo, mtaa mzima wanabishiana hodi. Niliviacha viazi pale pale karaini. Nilikimbia mpaka Utange, na nilipofika Idi alikuwa ameshajua. Alikuwa amekaa juu ya gunia la unga na kichwa mikononi. Jumanne Faraji hakuja kazini, wala hakusema kwa nini. Nikaona basi, kesi imekwisha.

Jumatano alikuja. Alisalimu, akavua makubadhi, akayageuza. Kabla hajaketi nikafungua daftari, mbele ya Idi, mbele ya Bi Mwanakombo aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. Nilisoma yote, kama nilivyokuwa nikisoma hati za watu: makubadhi, simu, kisimani, funga mlango wa nyuma, nyumbani tu. Nilisoma kwa mpango mzuri sana. Faraji alinisikiliza amesimama. Nilipofika mwisho akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akamgeukia Bi Mwanakombo. "Bi, ile tamthilia yako imefika wapi?" Bi Mwanakombo alishangaa. "Mwanangu, wauliza tamthilia saa hizi?" "Zile sehemu mpya, nani alikuletea?" "Si Rehema, kaniletea Ijumaa." "Ijumaa," akasema Faraji, akanitazama. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyekushikia mlango anangoja upite. Nami, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele. "Usigeuze maneno! Umezoea kutupaka mafuta kwa salamu zako! Leo jibu!" Akainamisha kichwa. "Sikutoa mimi," akasema. "Basi nani?" akauliza Idi. Faraji alifikiri kidogo. "Sijui," akasema. Huo ulikuwa uongo wa pekee niliopata kuusikia kinywani mwake. Idi akamwambia ni heri aende. Akatoka, akatia miguu kwenye makubadhi yaliyokuwa tayari yanamngoja, na Bi Mwanakombo akamfuata mpaka njiani na mahamri ndani ya karatasi. Alirudi, na siku ile chai haikuletwa.

Wale wa ng'ambo walijibu kwa mistari mitatu: tumetoka. Chumba kikarudi kuwa stoo. Ilikuwa mwisho wa mwaka niliporudi kwa Kevo kumjazia Bi Mwanakombo flashi, na kwa uchungu wangu nikamwambia, "Ule mchezo wetu wa hodi, niambie leo, Faraji alikuuzia kwa kiasi gani?" Kevo akanitolea macho. "Nani aniuzie, sister? Si ulikuwa kwa flashi yako? Ile Ijumaa ya tamthilia. Mashine inachukua yote, si unajua. Halafu yule jamaa wenu mrefu wa Likoni akakuja hapa mbio, akaniuliza imetoka kwa nani, nikamwonyesha folda iko na jina lako. Akanisihi niifute na nisiambie mtu." Ndiyo flashi niliyokuwa nikibebea kazi yetu nyumbani. Nilimwuliza alikuja lini. "Jumanne," akasema. Alikuwa ameshajua, basi. Alisimama mbele yangu Jumatano, nikamsomea daftari, na alikuwa anajua.

Ungedhani nilikwenda Likoni siku ile ile. Nilichukua flashi, nikampelekea Bi Mwanakombo, nikaketi naye tukatazama sehemu nne. Nilimweleza Idi baadaye sana, kwa simu, maana uso wake sikuuweza. Alikata simu, na kwa mwaka na zaidi hakuongea nami. Yeye alivuka akamwomba Faraji radhi. Ni yeye aliyeniletea habari, mama yake Faraji alipofariki, kwamba bibi yule akili ilikuwa imemwacha tangu mwaka ule wetu, akitoka nyumbani kutafuta nyumba ya utotoni mwake, na jirani ndiye aliyekuwa akipiga simu. Funga mlango wa nyuma. Hajui kitu. Faraji hakutaka mama yake atajwe hivyo na watu, akamsitiri. Nilizirarua zile kurasa za nyuma nikazitia kwenye moto wa Bi Mwanakombo. Kwenda kumhani bado sikwenda. Nilijiambia atanishuku nimekuja kwa unafiki. Hata aibu yangu niliipa jina lake.

Sasa amekufa naye, na nimekwenda. Nilingoja mpaka hitima ipite, siku ya sita, alasiri, ili nikute watu wachache. Hata kuhani nilikwenda kwa kunyemelea. Nyumba yao iko njia ya kuendea Shelly Beach, ya mawe, ukuta wa manjano. Mlango ulikuwa umerudishwa. "Hodi," nikasema. Na mle ndani nikasikia miguu midogo inakimbia. "Hodi." Kitu kikaanguka, mtu akanyamazishwa. Hodi ya tatu ilinitoka bila sauti. Nilipoinama kuvua viatu nikajikuta nimevigeuza, vinatazama njiani. "Karibu, dada, karibu ndani," sauti ya mwanamke ikasema. Alikuwa Zainabu, mjane wake, amekaa kwenye mkeka wa eda. "Utuwie radhi kwa huyu mtoto. Baba yake akirudi kutoka kazini hubisha hodi tatu, nyumba yake mwenyewe! Na huyu hujificha. Baba aingie, avue viatu, aketi pale, aitishe chai, aseme humu hamna mtu. Atakunywa chai yote akijifanya hamwoni. Bwana Hodi, ndivyo amwitavyo. Sasa kila mtu akibisha hodi, yeye hukimbia akajificha, na mimi sina nguvu za kumtoa." Nikaona pazia la mlango wa chumba limefura, na chini yake vidole vya miguu.

Alinimiminia chai ndipo akaniuliza jina. Nikamwambia. Chupa ya chai ikasimama hewani. "Rehema wa Utange." "Ndiye mimi." Akaitua chupa chini polepole. "Kila aingiaye namwomba jambo moja," akasema, "nawe nakuomba. Kama mume wangu alikukosea, msamehe." Hapo machozi yaliyonigomea kwa wiki nzima yakaja yote. Nikamwambia hana la kusamehewa. Nikamwambia ni mimi, flashi ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyemtukana mbele za watu naye akijua, nikalisema lile neno la miaka kumi na mitano kwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Zainabu alinisikiliza. "Najua," akasema. "Aliniambia kwamba angekutaja, Idi angekufukuza, na wewe hukuwa na pengine pa kwenda ila chumba kile. Yeye alikuwa na mama wa kurudi kwake." "Hakunikasirikia?" "Alikasirika sana! Usimfanye malaika kwa kuwa amekufa. Lakini miaka ya mwanzo, kila Ijumaa, alinunua mahamri mawili zaidi. Alisema kuna mtu huenda akaja. Kisha akaacha kununua." Nikamwuliza nifanye nini sasa. "Sema umemsamehe. Nataka kusikia tu, hata kama hapana kosa." Nikasema, "Nimemsamehe." Akasema, "Na yeye alishakusamehe. Ungekuja angekwambia."

Nyuma ya pazia vidole havikusogea. Mtoto alikuwa bado anangoja. Zainabu alitazama pazia, akanitazama mimi. Basi nikafuta uso kwa upindo wa buibui, nikasema kwa sauti niliyojaribu kuikumbuka, "Aa, humu hamna mtu." Pazia likatikisika. "Sivyo," sauti ndogo ikasema. "Baba huketi pale kwanza." Nikatazama alikoonyesha kidole kilichotokeza, kiti kimoja karibu na dirisha ambacho tangu niingie sikuona mtu amekikaribia. Zainabu akanisogezea kikombe. Nikainuka, nikaenda, nikaketi.